Kabati la Mama Pole

Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Mganga naye hajigangi. Methali hizi ni mtu na dada yake, na wengi wakizisikia hucheka pembeni ya mdomo, wakidhani wahenga walikuwa wakimsuta mganga wa watu: eti mtazameni, anatibu mtaa mzima na donda lake linamshinda. Hiyo ni nusu ya maana. Nusu ya pili haisemwi sana, nayo ndiyo iliyomfika mshauri nasaha mmoja ambaye kila aliyemfahamu alimwita Mama Pole.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata kwa sababu neno pole halikumkauka mdomoni. Ukijikwaa mlangoni kwake, pole. Ukipiga chafya, pole. Hata fundi bomba aliyelipwa vizuri kwa kazi yake alipewa pole ya kupanda ngazi. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu waliolemewa: wafiwa, wasiolala usiku, waliofarakana na wenzi wao, walioponea ajali. Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Kilikuwa na viti viwili vyenye mito, dirisha lililotazama barabara, na kabati refu la mbao nyuma ya mlango. Viti vile vilikuwa vimesikia mengi. Kabati lile lilikuwa limeficha mengi zaidi.

Wateja wake wengi walilipiwa na bima za kazini. Ili bima ilipe, Mama Pole alipaswa kujaza fomu ya madai baada ya vikao, aeleze mteja anasumbuliwa na nini na bado anahitaji msaada kiasi gani. Kampuni ya bima ikiwa na swali ilimwandikia barua, naye alitakiwa kujibu. Si kazi ya kumtoa mtu jasho. Lakini mwanamke huyu, aliyeweza kukaa na mtu anayelia saa nzima bila kupepesa jicho, akiiona bahasha ya bima alirudi nyuma hatua moja. Aliishika kwa ncha za vidole, akafungua kabati, akaisukuma ndani na kufunga haraka. Alijiambia atazisoma kesho. Kesho nayo ilikuja na bahasha zake.

Aliyeligundua kabati hilo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Wifi huyu alifanya kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno katika mtaa wa pili, na makaratasi yote ya bima ya pale yalipita mikononi mwake. Mchana mmoja wa mvua alikuja kuazima mwavuli. Akalifungua kabati bila kuuliza, kama ilivyo haki ya wifi popote, na bahasha zikammiminikia miguuni hadi zikafunika viatu.

"Wifi," alisema akizitazama, "umeanza kufuga bahasha?"

Mama Pole alicheka kicheko cha kuazima. Alisema kazi zimemzidi, na kwamba mambo hayo ana mfumo wake. Wifi aliutazama mfumo wenyewe ukiwa umetapakaa sakafuni. Akasema kwamba kwao barua ya bima hujibiwa kabla chai haijapoa, na akajitolea kuja Jumamosi moja wasaidiane. Mama Pole akakataa katakata. Aliona haya: yeye msomi wa mambo ya moyo, aonekane ameshindwa na karatasi? Wifi hakubishana naye. Alizirudisha bahasha kabatini, akakataa glasi ya maji baridi, akanywa chai kwa upande mmoja wa mdomo kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi, akaondoka na mwavuli.

Sasa miongoni mwa wateja wa Mama Pole alikuwamo dereva wa lori, mtu wa miraba minne mwenye sauti nzito. Lori lake lilikuwa limepinduka kwenye mteremko, naye akaning'inia kwenye mkanda kichwa chini, akimsikiliza utingo wake akigumia kwa maumivu mpaka watu walipofika. Miili yao yote miwili ilipona. Utingo alirudi barabarani na dereva mwingine. Lakini yeye, kila alipoukaribia mlango wa lori, jasho lilimtiririka na magoti yakagoma. Akilala, aliota anakanyaga breki, na mkewe akaamka na michubuko miguuni. Bosi wake alikuwa muungwana. Alisema atamwekea nafasi yake maadamu yuko kwenye matibabu.

Walikwenda taratibu. Kwanza walizungumza tu habari za lori. Halafu wakaenda kulitazama kutoka getini. Halafu akaushika mpini wa mlango, akauachia, akaushika tena. Wiki iliyofuata aliketi kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa, Mama Pole amesimama chini akimwangalia. Kila mara alimwambia maneno yale yale: "Unachokiogopa usikikimbie. Kisogelee hatua moja, usimame, upumue." Dereva alipumua, akashuka akiwa amelowa jasho lakini anatabasamu. Iliyobaki sasa ilikuwa kuuzungusha ufunguo.

Siku ya kuuzungusha ilipofika, dereva hakwenda kwenye lori. Alikuja ofisini, akaketi kwenye ncha ya kiti, kofia mkononi, akamwonyesha Mama Pole ujumbe kwenye simu. Kampuni ya bima ilimwarifu kwamba kibali chake cha matibabu kitafungwa mwisho wa mwezi, kwa kuwa mshauri wake hajayajibu maswali yao. Bosi naye alikuwa ameupata ujumbe huohuo. Matibabu yakikoma, lori linapewa mtu mwingine.

"Daktari," alisema, kwa maana hakuacha kumwita hivyo ingawa alikwishakanywa, "kama mimi si wa kupona, ungeniambia tu. Nisingekasirika."

Mama Pole akafumbua mdomo aseme pole. Kwa mara ya kwanza maishani neno hilo likamkwama kooni. Mtu huyu alikuwa amelala na kuamka akiamini kwamba amekatiwa tamaa, na kwamba kunyamaza kwa mshauri wake ndiyo hukumu. Angeweza kuisingizia posta, au kuilaumu kampuni, na dereva angemwamini. Moyo ukamkataza.

"Barua zao zimo kwenye kabati lile," alisema. "Sijazifungua."

"Kwa nini?"

"Naziogopa."

Dereva aliligeukia kabati, akalitazama kwa muda mrefu. Hakucheka. Alikuwa anaujua woga nje ndani, na hakuna anayeujua woga akaucheka kwa mwenzake. Alipoinuka kuondoka aliivaa kofia yake, akafika mlangoni, akageuka.

"Basi zisogelee hatua moja," alisema kwa upole, "usimame, upumue."

Alipobaki peke yake Mama Pole alilia. Alilia kwa aibu, na pia kwa uchungu wa kumtia mgonjwa wake jeraha jipya juu ya lile alilokuja nalo. Kisha akajikaza kisabuni, akalifungua kabati na kuchomoa bahasha moja. Akaiweka mezani. Akaona meza ina vumbi, akaipangusa. Akaona ua la dirishani limenyauka, akalimwagilia. Akazipanga kalamu kwa rangi. Akairudisha bahasha kabatini. Ndipo alipokubali lile ambalo angelimwambia mteja yeyote tangu siku ya kwanza, akampigia simu wifi yake.

"Wifi, njoo."

"Unaumwa?"

Mama Pole alifikiri kidogo. "Ndiyo," alijibu.

Jumamosi wifi alifika na chupa ya chai, miwani na kisu cha kufungulia barua. Akamketisha Mama Pole kwenye kiti cha wateja, yeye akachukua kile cha mshauri, akakunja miguu. Mama Pole, kwa mazoea ya kazi, alianza kueleza chanzo cha tatizo: jinsi alivyokuwa mtoto, jinsi baba yake alivyokuwa akisoma ripoti za shule kwa sauti mbele ya wageni. Wifi alimsikiliza mpaka chai ilipomiminwa. Halafu akamwambia kwamba mambo ya utotoni ni mazito na atayasikiliza yote, ila leo wanafungua bahasha.

Ya kwanza ilimtoa Mama Pole kijasho. Alipoichana ikatoka kalenda. Kampuni ya bima ilikuwa inamtakia heri ya mwaka mpya, na mwaka wenyewe ulikuwa unaelekea ukingoni. Wifi alicheka hadi akashika shavu. Mama Pole naye akacheka, safari hii kicheko chake mwenyewe, na kalenda ile wakaitundika palepale ukutani kwa adabu zote.

Zilizofuata hazikuwa kalenda. Mama Pole alifunika majina ya wateja kwa kipande cha kadi, maana siri ya mteja ni siri hata kwa wifi, na kila barua waliyoifungua ilikuwa na nakala ya fomu yake na ilimkanya kwa lugha ya kistaarabu. Maelezo hayatoshi. Tafadhali fafanua. Tunasubiri majibu yako. Wifi alizipanga kwa mafungu juu ya zulia. Kadiri alivyosoma ndivyo uso wake ulivyobadilika. Mwishowe alivua miwani.

"Hebu nieleze kitu. Hapa kwenye ugonjwa umeandika uchovu. Na hapa uchovu. Hapa pia. Mtaa mzima una uchovu?"

Mama Pole akainamisha kichwa. Hapo ndipo lilipokuwa kosa lenyewe, na lilikuwa kosa la huruma. Alishindwa kuandika majina ya maradhi ya watu wake. Alikuwa amewaona wakilia, anawajua watoto wao, anajua nani anapenda kuketi karibu na dirisha. Kuandika karibu na jina la mtu kama huyo neno zito la kitabuni kulionekana kwake kama kumpaka tope. Basi aliwaandikia wote neno jepesi lisilomuumiza mtu. Bima nayo, kwa haki yake, ikauliza: mtu aliyechoka tu anahitajije vikao vyote hivi? Si alale apumzike? Maswali yakaja kwenye bahasha, bahasha zikaingia kabatini, na sasa dereva wa watu alikuwa anakaribia kufukuzwa kazi kwa sababu ya uchovu asiokuwa nao.

"Nilikuwa nawasitiri," alisema.

"Na mficha maradhi?" wifi aliuliza. Kila mtu anajua kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wifi akasogeza kiti, akamshika mkono, na swali lake la pili likawa la upole zaidi. "Wenyewe uliwauliza?"

Hakuwauliza. Hata mmoja. Yeye aliyewafundisha watu kusema ya moyoni alikuwa amewafungia majina yao kabatini bila idhini yao, na akaita jambo hilo huruma. Jambo hilo lilimuuma kuliko barua zote. Wifi alimwachia nafasi aumie, akamjazia kikombe, akamwambia kwamba barua zinajibika, na nyingi zingali ndani ya muda. Ila jibu la kweli haliwezi kutoka kwa wifi wala kwa kampuni.

Dereva alipokuja tena, Mama Pole aliweka fomu mezani kati yao. Hakuzunguka mbuyu. Alimweleza alichokuwa akiandika na kwa nini, akamwomba radhi, kisha akamwambia kwamba ili bima iendelee kulipia inabidi aandike jina la kweli la kinachomsumbua. Watu wa bima watalisoma. Kama hataki lisomwe, watatafuta njia nyingine pamoja.

"Jina gani?" dereva aliuliza, mwili umemkakamaa.

"Kiwewe. Kiwewe kilichobaki baada ya ajali. Kinawapata watu wengi, hata majasiri. Mwili unaendelea kujilinda na hatari iliyokwisha kupita."

Dereva aliizungusha kofia mikononi. Chini dukani mtu alikuwa anapima kitambaa na mwingine anapunguza bei. Mama Pole alijiuma mdomo, akisubiri tope aliloliogopa lionekane usoni pa mtu yule. Badala yake aliona mabega makubwa yakishuka, taratibu, kama ya mtu aliyetua gunia.

"Kumbe kina jina," alisema dereva. Sauti yake nzito ilikuwa imepasuka. "Mimi muda wote huu nilikuwa najua jina moja tu. Woga. Nyumbani wananiita baba, kazini wananiita dereva, lakini nikiwa peke yangu nilijiita mwoga." Akafuta macho kwa kofia. "Andika, daktari. Liandike kwa herufi kubwa, wasije wakalikosa."

Mama Pole aliandika. Alijisikia haya na furaha kwa pamoja, kwa kuwa neno alilolificha ili lisimuumize mtu huyu ndilo lililokuwa dawa yake. Dereva aliisoma fomu mstari kwa mstari, akaitia sahihi yake kwa mbwembwe, na safari hii aliegemea mto wa kiti.

Fomu ile haikupelekwa kwa posta. Wifi alimsindikiza Mama Pole hadi dirishani kwa kampuni ya bima, akisimama nyuma yake asije akageuza njiani. Zimwi alilolitarajia halikuwapo. Alikuwapo mama mmoja wa makamo mwenye sweta, akasoma, akagonga muhuri wa kupokea, akasema kwamba walikuwa wanangoja tu mtu awajibu. Kabla mwezi haujaisha kibali cha dereva kilirefushwa, na bosi wake akapata taarifa siku hiyohiyo.

Si yote yaliyonyooka. Madai mengine yalikuwa yamechakaa kabatini hadi muda wake ukapita, yakakataliwa, na Mama Pole akameza hasara yake kimya. Wateja wengine aliwauliza mmoja mmoja. Wengi walikubali majina yao yaandikwe. Wachache waliuliza maswali mengi kwanza. Mwalimu mmoja kijana alisema hapana, hataki mtu yeyote kazini kwake alijue jambo lake. Walikaa wakapanga njia nyingine isiyopitia bima, na hapana yake ikaheshimiwa. Tangu hapo Jumamosi asubuhi ikawa ya bahasha. Wifi huja na chai yake, Mama Pole hukata bahasha mwenyewe, na kabatini kukabaki vikombe na mwavuli, ambao wifi aliurudisha baada ya kukumbushwa mara nyingi.

Asubuhi moja Mama Pole alikuwa amekaa na mteja honi ikalia chini ya dirisha hadi vioo vikatetemeka. Akaomba radhi, akachungulia. Lori lilikuwa limesimama kando ya barabara, injini inanguruma. Utingo wa zamani alikuwa upande wake, mkono mmoja unapunga na mwingine umeshika mlango kwa nguvu, kwa tahadhari. Kwenye usukani alikuwapo dereva. Hakupunga. Mikono yake yote miwili ilikuwa kazini, na Mama Pole akaona kifua chake kikipanda na kushuka, mara moja, mara ya pili. Kisha lori likaondoka, likakata kona polepole, likaenda zake. Mama Pole alirudi kwenye kiti chake machozi yanamtoka, na mteja aliyekuwa mbele yake ndiye aliyempa pole.

Na wifi je? Jumamosi moja, katikati ya bahasha, Mama Pole alimmiminia maji baridi kusudi. Wifi akakataa. Akampa karanga. Wifi akazitafuna upande mmoja kwa uangalifu wa mtu anayepita na mayai. Mama Pole akaweka kalamu chini.

"Wifi, hilo jino lina muda gani?"

"Jino lipi?"

Lo, mtu huyu alikuwa ameketi mapokezi kwa daktari wa meno miaka yote hiyo, akiwaambia watu wazima na watoto wao kwamba haiumi hata kidogo, kaa tu kwenye kiti, utaona. Yeye mwenyewe hakuwahi kukikalia kiti hicho. Alizijua koleo zote kwa majina, na kwa sababu hiyo alizihofia. Aliposhindwa kukana zaidi, alianza kueleza kwamba ni jambo la zamani, tangu alipokuwa mtoto. Mama Pole akamwambia kwamba ya utotoni ni mazito na atayasikiliza yote, ila leo wanakwenda kwa daktari.

Wakatembea mitaa miwili wakiwa wameshikana mikono kama wasichana wa shule. Mbele ya mlango aliouzoea kuliko wa kwake, wifi alisimama. Miguu ilikuwa imegoma.

"Usiniachie mkono," alisema.

"Sikuachii. Simama kwanza. Upumue."

Akapumua. Mama Pole akausukuma mlango, wakaingia pamoja. Na hiyo ndiyo nusu ya pili ya maneno ya wahenga, ile isiyosemwa sana: mkono unaomponya mwenye dawa hutoka kwa mwenzake, kwa kuwa mganga hajigangi.